Keti na mpinzani usiyemjua, lakini kwanza semezaneni

Hebu jiulize: mara ya mwisho ulipokaa saa tatu nzima mkitazamana na mtu usiyemjua, simu ikiwa mfukoni, ilikuwa lini? Matatu haihesabiki. Huko umeziba masikio kwa muziki na jirani yako pia kaziba yake. Foleni ya benki nayo haihesabiki, maana kila mtu anatazama kisogo cha aliye mbele yake.

Wengi wetu tunaoishi mjini hatuna jibu. Si ati hatuchezi. Tunacheza, tena sana. Lakini tunacheza na mbogi ileile ya mtaani, au tunacheza kwenye simu na msee tusiyemwona, na tukishindwa tunamtukana kisha tunazima data. Msimamo wangu ni huu: anayecheza na marafiki zake pekee hajajifunza hata nusu ya mchezo wake. Nusu iliyobaki atafundishwa na mpinzani asiyemjua.

Nitakupa mfano wa mbali kidogo kwa sababu unaonyesha jambo hili wazi kuliko mingine: michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa kwa visanamu vya askari. Mmoja unaojulikana sana ni Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987 na Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Visanamu vyake huuzwa vikiwa vipande vipande. Unaviunganisha kwa gundi, halafu unavipaka rangi mwenyewe, kimoja kimoja, kwa brashi nyembamba. Kuna watu humaliza miezi wakipaka jeshi moja.

Kila kikosi kina thamani ya pointi, na wachezaji hukubaliana kila mmoja alete jeshi lisilozidi kiwango fulani, mara nyingi pointi 2,000. Mezani huwekwa magofu na kuta za kujificha. Askari husogezwa kwa inchi zilizopimwa kwa tepu kama ile ya fundi seremala, na risasi kugonga au kukosa huamuliwa kwa dadu za pande 6. Mchezo huwa na raundi 5, na ule wa pointi 2,000 unaweza kumaliza saa tatu.

Sasa, katika klabu na maduka ya michezo kule Uingereza na Marekani, ni kawaida mtu kufika na jeshi lake kwenye begi na kucheza na yeyote atakayemkuta. Hajui jina lake wala tabia yake. Hajui kama ni mtu wa hasira. Na hakuna refa. Mashindano makubwa huwa na waamuzi, lakini mchezo wa Jumamosi mchana unabaki kati ya watu wawili, meza na dadu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1824 afisa mmoja kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kuwafundishia maafisa, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake. Mchezo ule ulikuwa na mwamuzi. Wachezaji walimpa amri zao, naye akaamua ni nini kilichotokea uwanjani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H.G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana vita sakafuni nyumbani kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Vita vya kuigiza vikawa burudani ya mtu yeyote, si somo la maafisa tu. Leo wageni wawili wanapokutana mezani, kazi ya yule mwamuzi wa Prussia wanaigawana wenyewe. Kila mmoja ni mshindani, na papo hapo ni nusu ya refa.

Wanaiwezaje? Kwanza, wanazungumza kabla ya kucheza. Wanaonyeshana orodha za majeshi yao. Wanaulizana: umekuja kujifunza au umekuja kujinoa kwa mashindano? Ukuta huu tuuhesabu kuwa unaziba macho au una upenyo? Dadu ikiegemea kitu isilale sawasawa, tunairusha tena? Ikianguka chini ya meza, inahesabiwa? Mtu anayecheza na rafiki yake kila wiki hasemi hata moja kati ya haya. Wanajuana, kwa hivyo mengi yamebaki kichwani. Ukikutana na mgeni, kilichokuwa kichwani lazima kitoke mdomoni. Na ukianza kukitoa, unagundua kwamba baadhi ya ulichokiita sheria kilikuwa mazoea ya kwenu tu.

Pili, wachezaji wazuri husema nia yao waziwazi. Badala ya kusogeza askari kimyakimya kisha kubishana baadaye, mtu anasema, “Namweka huyu nyuma ya gofu ili kikosi chako cha kushoto kisimwone. Unakubali?” Mwenzake anainama, anaweka jicho karibu na meza usawa wa kisanamu, anaangalia, kisha anajibu, “Sawa, simwoni.” Wamemaliza. Ugomvi wa dakika kumi umezuiwa kwa sentensi mbili.

Tatu, hawafichiani makucha. Mchezo huu una majeshi mengi na kila moja lina sheria zake za kipekee, na hakuna anayezikumbuka zote. Ungeweza kunyamaza, umwache mgeni aingie mtegoni, kisha umpige kwa sheria ambayo hakujua ipo. Utashinda. Lakini mchezaji anayeheshimika humwambia mapema, “Angalia, kikosi hiki kinaweza kukurukia kutoka mbali, usikae karibu nacho.” Akishinda baada ya hapo, ameshinda mtu aliyekuwa na macho wazi.

Na wakikosa kukubaliana kuhusu sheria? Matoleo kadhaa ya mchezo huo yamewahi kutoa maelekezo rahisi mno: jadilianeni, na mkishindwa kuelewana, rusheni dadu, iamue, kisha endeleeni. Mchezo ukiisha ndipo mfungue kitabu kwa utulivu. Fikiria hilo kidogo. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja ana uhakika kwamba yuko sahihi, na wote wanakubali dadu iwaamulie ili saa tatu zao zisiharibike. Ni mikutano mingapi ya kamati za vijana unayoijua ambayo ingeokolewa na busara hiyo?

Usidhani haya ni ya Nottingham pekee. Pita steji yoyote ya bodaboda mchana, utakuta ubao wa drafti umechorwa kwenye mbao au katoni, vifuniko vya soda vikiwa ndio kete: vya upande huu vimelala, vya upande ule vimechanua. Watazamaji wanapiga kelele kuliko wachezaji. Sasa mwache mgeni kutoka mtaa mwingine akae. Vurugu huanzia wapi? Mara nyingi haianzii kwa ustadi wake. Inaanzia kwa sheria ambazo hazikusemwa. Kuna wanaosema kula ni lazima, na kuna wanaosema ukitaka unaacha. Kuna wanaomruhusu kingi apae ubao mzima, na kuna wanaomfunga hatua moja moja. Kwingine ukigusa kete ni lazima uicheze. Bao nalo lina namna zake zinazotofautiana kutoka pahali hadi pahali. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amecheza drafti ya kwao, halafu anamwona mwenzake mwizi.

Hapo ndipo naona jambo kubwa kuliko mchezo. Sisi Wakenya tuna swali letu la kumpima mtu tusiyemjua: “Na jina la pili?” Tunaliuliza tukicheka, lakini tunajua tunatafuta nini. Tukishalipata tunaamini tumemjua mtu mzima: anapigia nani kura, ana tabia gani, tumwamini au tumwogope. Mwaka 2007 na 2008 tuliona tabia hiyo ikitumiwa kwa njia mbaya kabisa, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Sidai kwamba ubao wa drafti ungezuia mauaji yaliyochochewa na wanasiasa. Ninachosema ni kwamba kumwamini mgeni ni ujuzi, na ujuzi wowote usiofanyiwa mazoezi huota kutu.

Mezani, jina la pili halikusaidii kitu. Halikuambii kama ataondoa mwenyewe askari wake aliyekufa au atasubiri umkumbushe. Halikuambii kama akisahau kete yako iliyokuwa inaliwa utamwambia au utanyamaza. Unalazimika kumjua mtu kwa anachofanya mbele yako, naye anakujua wewe kwa njia hiyohiyo. Mtandaoni hupati nafasi hiyo. Huko sheria husimamiwa na programu, kwa hivyo uaminifu wako haujawahi kujaribiwa. Hujawahi kuwa na nafasi ya kusogeza inchi moja ya ziada, ukaiacha.

Najua utakachosema. Utasema visanamu hivyo ni ghali, na ni kweli. Seti moja ndogo inaweza kumeza pesa ya matumizi ya wiki kadhaa. Lakini kampuni yenyewe ilipotoa toleo la 10 mwaka 2023, iliweka kanuni za msingi mtandaoni bure, na hakuna askari atakayekuja nyumbani kwako kukukataza kukata vikosi vya karatasi ngumu ili ujaribu na mwenzako. Na kama vita vya kubuni havikuvutii, kuna drafti, kuna bao, kuna chesi. Vifuniko vya soda havijapanda bei.

Utasema pia kwamba wageni ni matapeli. Wengine ni matapeli, ndiyo. Ndiyo maana nasema mzungumze kwanza, mcheze mahali pa wazi penye watu, na msiweke pesa mezani. Pesa ikiingia, kila kosa linageuka wizi na kila mtazamaji anageuka shahidi wa uongo. Ukiona mtu anakwepa kutaja sheria kabla ya mchezo, hiyo tayari ni habari. Mshukuru, ondoka.

Na kwa dada zetu, hili si jepesi kama ninavyoliandika. Ukikaribia ubao uliozungukwa na wanaume kumi, unaweza kupokewa kwa vichekesho kabla hata hujashika kete. Kosa hilo ni letu wanaume, na dawa yake iko mikononi mwetu: kumpisha akae, kumtajia sheria kama tunavyomtajia mwingine yeyote, na kumnyamazisha msee anayejifanya mjuaji. Meza ambayo dada hawezi kukaa haijakubali wageni. Imekubali wageni wa aina moja tu.

Kubwa la mwisho ni kushindwa. Nadhani hili ndilo linalotuogopesha hasa. Ukishindwa na rafiki, mtacheka na kesho utalipiza. Ukishindwa na mgeni, unahisi umeaibishwa mbele ya dunia. Lakini rafiki yako amekuzoea. Anajua unapenda kufungua upande wa kulia, nawe unajua yeye hulinda kona. Mnazunguka palepale kama ng’ombe wa kukamua mafuta. Mgeni hajui hila zako, wala haziheshimu. Atakuonyesha kwa nusu saa udhaifu ambao mbogi yako imeufunika miaka mitatu. Kipigo hicho ni masomo ya bure, bana.

Kwa hivyo wikendi hii usisubiri kualikwa. Tafuta ubao ulio karibu nawe, stejini, chuoni au kwenye klabu ya chesi, umwendee mtu ambaye hujawahi kumsalimia. Mwambie jina lako, moja linatosha. Muulize: kwenu kula ni lazima? Kingi anapaa? Nikigusa, nacheza? Mkishakubaliana, panga vifuniko vyako. Na akikufunga, usikimbilie kuondoka. Muulize huwa anafika hapo siku gani.