Mama Asisomewe Siri Yake na Mwanawe

Jirani yangu mmoja hapa Kayole, Nairobi, ni mama aliyekimbia vita Kivu Kusini, nchini Kongo. Macho yake yalizimika akiwa tayari yuko Kenya. Kila akitaka kujua kitambulisho chake kimefikia wapi, au apeleke malalamiko ofisi gani, humwita mwanawe wa kiume amsomee kwenye simu. Kijana anasoma vizuri na anampenda mamake. Siku moja akafika mahali ukurasa unapoeleza msaada kwa wanawake waliotendewa ukatili vitani. Akanyamaza. Mama naye akanyamaza, kisha akasema, "Ruka hapo, baba, endelea mbele."

Baadaye aliniambia kuwa hapo aliposema parukwe ndipo alipokuwa akipatafuta kwa miezi.

Kwa ajili ya mama huyo, ndugu msomaji, nakuandikia. Nchi yetu imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 30. Kambi ya Dadaab ilianza mwaka 1991, ya Kakuma mwaka 1992, na maelfu wengine wanaishi nasi mijini, tunapanga nao nyumba na kuteka nao maji. Habari wanazozihitaji sasa ziko mtandaoni: namna ya kujiandikisha, kibali cha kutoka kambini, shule, hospitali, msaada wa sheria. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wana tovuti ya msaada yenye kurasa za nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, na mashirika mengine yana zao. Ni kazi njema. Lakini tukiulizwa tovuti hizi zinamfaa nani, huwa tunahesabu idadi ya lugha na kuridhika. Mimi naomba tuhesabu watu wanaoweza kujisomea mambo yao wenyewe, bila mtoto, jirani wala broka kukaa katikati.

Nilimpeleka mama kwenye maktaba moja yenye kompyuta iliyowekwa NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, na hadi leo hutolewa bure. Tukafungua ukurasa wa Kiswahili wa taasisi moja. Sauti ikaanza kutamka Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, maneno yakivunjwavunjwa kama mahindi kinuni. Mama akasikiliza, akainamisha kichwa, akaniuliza, "Huyu anasema luga gani?"

Kumbe kosa lilikuwa dogo mno. Juu ya kila ukurasa wa tovuti kuna mahali pasipoonekana ambapo mtengenezaji hutaja lugha ya maandishi. Pale palikuwa pameandikwa "en" badala ya "sw". Sauti ya Kiswahili ilikuwamo ndani ya kompyuta ile ile, ila hakuna aliyeiambia kuwa zamu yake imefika. Herufi mbili tu zilimfungia mama nje ya habari zilizotafsiriwa kwa gharama na kwa nia nzuri.

Tukaenda kwenye ukurasa wa matangazo. Pale programu ilitaja "picha", kisha ikapita. Tangazo lilikuwa barua iliyopigwa mhuri, ikapigwa picha, ikabandikwa. Nadhani desturi hii ndiyo inayotuumiza kuliko zote. Tunauamini mhuri, na tuna sababu zetu, lakini picha ya barua haisomeki na programu ya sauti, haikuziki vizuri kwa mzee mwenye macho hafifu, haiwezi kunakiliwa na kupelekwa kwenye tafsiri, tena inakula bando. Bandikeni barua yenye mhuri ikiwa lazima, lakini chini yake yaandikeni yale yale kwa maandishi ya kawaida. Ni kazi ya dakika kumi.

Mengine yameshafikiriwa na wenzetu. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, lina mwongozo unaoitwa WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Humo utakuta kwamba herufi za kawaida zitofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kwamba maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila ukurasa kuharibika, na kwamba kila kitufe kifikiwe kwa kibodi bila kipanya. Kenya nayo ina kiwango chake, KS 2952, cha mwaka 2022. Kwa hiyo hakuna anayeombwa kubuni kitu kipya.

Tena sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata habari za serikali "raia", na mkimbizi si raia. Lakini kasomeni kifungu cha 54, kinachohusu watu wenye ulemavu. Hicho kinasema "mtu". Mtu yeyote mwenye ulemavu ana haki ya kufikia habari, na ya kutumia lugha ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Mama wa Kayole yumo ndani ya neno hilo, awe na kitambulisho au awe bado anakingoja.

Nije kwenye lugha yenyewe. Kiswahili cha mama huyu si kile cha fomu zetu. Ukimwambia "utaratibu wa kubainisha hadhi ya ukimbizi" atakuitikia kwa adabu na asielewe. Mwambie, "Watakuita, watakuuliza kwa nini ulikimbia, kisha wataamua," hapo ameshika. Wakili kwake ni avoka, ofisi ni biro. Haidhuru kuyaweka maneno hayo kando ya yetu. Na kiziwi aliyekulia kijijini bila shule huenda hajui Lugha Ishara ya Kenya wala maandishi. Huyo anahitaji michoro ya hatua kwa hatua, na mtu wa kukutana naye ana kwa ana.

Tukizembea, pengo hili la habari lina watu wa kulijaza. UNHCR wametangaza mara nyingi kuwa huduma zao ni bure, na bado wapo wanaouziwa fomu, wanaouziwa "nafasi" ya kupelekwa nchi ya tatu. Broka anakula pale habari inapokuwa na mlango mmoja, na ufunguo anao yeye.

Basi nawaomba. Wewe unayetengeneza tovuti, kabla hujaikabidhi, zima skrini na usikilize kazi yako hadi mwisho wa fomu. Wewe uliye ofisini, weka chini ya kila ukurasa nambari ambayo mtu anaweza kupiga aseme "hapa sikuweza kusoma", na awepo wa kuipokea. Nchi za Umoja wa Ulaya zimezilazimisha tovuti za umma kuwa na njia kama hiyo ya kupokea malalamiko kwa agizo lao la mwaka 2016. Ninyi wanafunzi wa Kiswahili, na ninyi mliozaliwa Bukavu, Uvira au Goma huko Kongo, tunahitaji masikio yenu na sauti zenu: someni kurasa hizi, sahihisheni, zirekodini kwa namna mama zenu wanavyosema.

Na wewe usiye na ujuzi wowote wa mitambo, una simu. Leo jioni fungua mipangilio ya simu ya Android, uwashe TalkBack, inayosoma skrini kwa sauti, ufumbe macho, utafute kwenye tovuti ya ofisi yoyote iliyo karibu nawe jinsi mgeni anavyojiandikisha. Andika pale ulipokwama, uwapelekee. Wenye ukurasa ule tuliousikiliza na mama nimeshawaandikia barua, na mwanawe amenisaidia kuipiga chapa. Jumatatu tunarudi maktaba, mama na mimi tu, kuona kama zile herufi mbili zimebadilishwa.