Chembe za Pua Huzaliwa Upya

Mama yuko uani, naye ajua kwamba maharagwe yanaungua jikoni. Nani amemwambia? Juu kabisa ndani ya pua mna chembe hai za kunusa, kila moja ina uzi mwembamba ufikao ubongoni. Moshi na maradhi huziua. Lakini chini yake mna chembe mama, nazo huzaa nyingine maisha yote. Kila chembe changa hushika aina moja tu ya kipokezi cha harufu, kati ya aina 400 hivi. Kisha uzi wake huzifuata nyuzi za aina ile ile mpaka mahali pamoja ubongoni. Vipokezi hivyo walivivumbua Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991. Basi, aliyepotewa na harufu kwa sababu ya mafua asikate tamaa. Huenda miezi ikapita, lakini wengi hunusa tena. Siku hizo, wa nyumbani wamwangalizie chungu.