Kontroli boksi si spea ya kujaribishia

Wapambanaji wenzangu, leo naomba niwakere kidogo, hasa ninyi mnaouza spea za magari mtandaoni. Mimi nauza mapazia na mashuka, si fundi wala muuza spea. Ila nina Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S, na ndiyo inayobeba mzigo wangu kutoka Kariakoo, inayosambaza oda Tegeta na Mbagala, na inayokimbizana na mabasi ya mikoani pale stendi ya Magufuli. Gari ikilala, na mimi nimelala. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Msimamo wangu ni huu: kontroli boksi isiuzwe kwa mtu ambaye gari yake haijapimwa. Na ile sentensi yenu ya "vifaa vya umeme havirudishwi" mnaitumia kama mlango wa kukimbilia.

Gari ilianza kwa kuzima njiani. Asubuhi inawaka vizuri, ukifika kwenye foleni inakata. Siku moja ikagoma kabisa, stata inazunguka lakini injini haishiki. Fundi akachungulia, akasema, "Dada, hii kontroli boksi imekufa." Hakushika hata mita. Nikaingia mtandaoni, nikampata muuzaji mwenye picha safi, nikamtajia jina la gari. Dakika haijaisha kanijibu: "Ipo bosi, laki mbili na nusu, tunatuma na boda." Swali aliloniuliza lilikuwa moja tu: uko wapi?

Hiyo laki mbili na nusu ilikuwa hela ya mzigo wa Idi. Boksi ikaja, ikafungwa, gari iko vile vile. Nikamrudia muuzaji. Jibu: soma bandiko, vifaa vya umeme havirudishwi. Siku ya pili akaniblock.

Nikaelekezwa kwa fundi umeme mmoja, mzee wa makamo, mpole. Akaniambia, "Binti yangu, fungua swichi lakini usipige stata. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka?" Haiwaki. Akanieleza kwamba taa ile inatakiwa iwake ukifungua swichi, halafu izime injini ikishika. Isipowaka, na balbu ni nzima, maana yake kompyuta haijaamka. Hapo ndipo swali linapoanza: imekufa, au imenyimwa chakula?

Chakula cha kontroli boksi ni umeme wa betri unaopita kwenye fyuzi na relei yake, pamoja na ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye injini na bodi. Kimojawapo kikikatika, boksi nzima kabisa itaonekana maiti. Akapima fyuzi, relei, umeme unafika. Akaweka mita kati ya ethi ya boksi na hasi ya betri, akaniambia nipige stata. Mita ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikapanda. Akafuata waya mpaka kwenye injini, akakuta bolti yake imelegea na imejaa kutu na mafuta. Miezi michache nyuma injini ilifunguliwa kubadilisha gasketi, na aliyeirudisha hakuikaza. Msasa, spana namba kumi, kwisha. Gari ikawaka. Akanidai elfu ishirini.

Kwa hiyo nina gari zima, na nina kontroli boksi ya laki mbili na nusu kwenye droo.

Sasa msije mkasema nadai kontroli boksi haziharibiki. Zinaharibika, hasa hizi za magari ya miaka ya 90. Kama miezi minane baadaye silensa ikaanza kupanda na kushuka, gari ikipata moto inazima, ikipoa inawaka. Mwisho taa ya injini ikaacha tena kuwaka. Nikajua ni ethi ileile. Mzee akapima, ethi safi, umeme upo. Akahamia kwenye zile volti 5 ambazo kontroli boksi inazipeleka kwenye sensa. Hazipo.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaposema "boksi imekufa" wakaishia hapo. Yeye akachomoa plagi za sensa moja baada ya nyingine huku macho yako kwenye mita, kwa sababu sensa moja ikipiga shoti inaweza kuzivuta zile volti 5 zote chini na kuizimisha kompyuta iliyo nzima. Zingerudi baada ya kuchomoa plagi fulani, mkosaji angekuwa sensa ile. Hazikurudi. Ndipo akaifungua boksi yenyewe. Ilitoa harufu kama ya samaki aliyechacha, na chini ya kapasita mbili palikuwa na majimaji ya kahawia yaliyokwisha kula njia za shaba. Safari hii ilikuwa boksi kweli.

Nikakimbilia droo yangu kwa furaha. Mzee akaweka boksi mbili pamoja, akanionyesha stika. Zote namba inaanza na 89661, maana ndivyo Toyota wanavyoanzisha namba za kompyuta za injini. Ila tarakimu za mwisho zilitofautiana. Ile niliyouziwa ilikuwa ya gari ya gia za mkono, yangu ni otomatiki, na kompyuta yangu ndiyo hiyohiyo inayoamrisha gia. Soketi zinaingia vizuri, hata kwa macho huwezi kujua. Yaani hata kama siku ile ya kwanza boksi yangu ingekuwa imekufa kweli, mzigo ule usingenisaidia.

Akabadilisha kapasita. Alizoweka zilikuwa za kipimo kilekile, za kuvumilia joto la nyuzi 105, na aliangalia chanya na hasi kabla ya kuchomelea. Akasafisha yale majimaji na kuunganisha njia moja iliyokatika kwa waya mwembamba. Elfu sitini pamoja na ufundi. Mpaka leo inatembea.

Nirudi kwenu wauza spea. Najua mnachoogopa. Fundi anafunga boksi yako kwenye gari yenye shoti, anaiunguza, halafu anairudisha akidai uliuza mbovu. Hofu hiyo ni ya kweli. Koili ya vali ya silensa ikipiga shoti inaweza kuua boksi ya kwanza, na usipoibadilisha itaua na ya pili. Mwingine anakuletea boksi yake ya zamani akijifanya ndiyo uliyomuuzia.

Lakini dawa yake si kumblock mteja. Kabla hujapokea hela, mwombe picha ya stika ya boksi yake na uilinganishe na yako tarakimu kwa tarakimu. Muulize: umeme na ethi vimepimwa kwa mita, vikasoma ngapi? Sensa zimechomolewa? Kama gari ni ya kuanzia miaka ya 2000 na ufunguo wake una chipu, mwambie mapema kwamba boksi huenda ikakataa kuwasha mpaka isomeshwe upya na funguo zake, na hiyo ni gharama nyingine. Weka alama yako ya siri ndani ya kava. Halafu mpe siku tatu za kujaribu. Mteja ambaye fundi wake hajapima chochote, mrudishe akapime. Utakosa mauzo siku hiyo, sawa. Mimi yule muuzaji wangu alinipata mara moja, na tangu hapo watu wote wa soko letu wanaouliza spea nawaelekeza kwingine. Nimenunua kwa mwingine plagi, taa, hata tairi.

Wengine mtasema laki mbili na nusu si hela ya kulilia. Kwako labda. Mimi mzigo wa Idi ulinipita, na wateja wawili wa jumla wakahamia kwa jirani.

Ile boksi bado ninayo, naiuza laki moja. Nimeipiga picha upande wa stika, namba inasomeka yote, nimeandika wazi ni ya manyuali. Wamekuja watu wawili mpaka sasa. Nikawaomba picha za stika zao, namba hazikulingana, nikawaambia waache. Mmoja alinisonya.