Nilinunua, Sikuazima

Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya mbao. Siku ilipoharibika aliipeleka kwa fundi, naye akafungua skrubu nne, akabadilisha kilichokufa, na jioni ile ile tukasikiliza taarifa ya habari. Hakuna aliyeandika barua kiwandani kuomba ruhusa. Redio ilikuwa yake.

Naikumbuka redio ile kila nisikiapo habari za magari ya umeme. Ndani ya gari la namna hiyo mna kisanduku chenye modemu na laini ya simu. Kwa msaada wake, mwenye gari hutazama kwenye simu yake betri imejaa kiasi gani, huanzisha chaji, au hupasha gari joto asubuhi ya baridi likiwa bado limechomekwa kwenye umeme, ili betri isitumike bure. Ni jambo jema. Lakini ujumbe wake hupitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza gari. Kampuni ikifunga mlango, kisanduku huwa bubu.

Sisemi ya kuota. Tarehe 1 Aprili 2024, Nissan ilifunga huduma hiyo nchini Uingereza kwa magari ya Leaf na e-NV200 ya miaka ya nyuma. Sababu iliyotolewa ni kwamba modemu zake ni za 2G, na mtandao huo unaondolewa. Ajabu ni kwamba makampuni ya simu ya huko yalikuwa yamejipa hadi 2033 kuuondoa! Marekani nako, AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017. Wenye Leaf za mwanzo wakapata nafasi ya kuwekewa modemu za 3G, na Februari 2022 hiyo 3G nayo ikazimwa. Gari bado linakwenda, ila limekatwa ulimi.

Watetezi wa makampuni husema: mkifungua siri hizi, wezi wataingia. Je, siri imewazuia? Februari 2016 mtaalamu Troy Hunt, akiwa Australia, aliweza kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mwenzake iliyokuwa Uingereza, kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa kutumia namba ya utambulisho wa gari tu. Namba ambayo husomeka kwenye kioo cha mbele. Nissan ikasimamisha programu yake kwa muda. Siri si kufuli.

Nayo njia nyingine ipo. Tangu 2011 wapo wenye magari waliojitengenezea mfumo uitwao OVMS, ulioanza na Tesla Roadster kisha ukaenea kwa magari mengine mengi, Leaf likiwemo. Ni kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi ambayo mafundi hupimia gari. Laini unachagua mwenyewe, kompyuta ya kupokea ujumbe unaweza kuiweka nyumbani kwako, na programu yake ni huria: kila ajuaye kusoma aisome, airekebishe. Modemu yake imekaa kwenye kibao cha peke yake, hivyo 3G ilipokuwa ikifa, kibao kiliweza kuchomolewa kikawekwa cha 4G. Skrubu za baba, basi!

Sikatai kwamba kinahitaji mtu wa kujifunza, wala hakifanyi kila kazi katika kila gari. Lakini lililowezwa na watu wa kujitolea haliwezi kumshinda tajiri mwenye kiwanda. Ninachodai ni kidogo: modemu ibadilike bila kuvunja gari, na kampuni inayofunga huduma ikabidhi maelezo ya kuzungumza na gari, ili wengine waendelee.

Nasi Waafrika ya Mashariki tusidhani ni ugomvi wa Wazungu. Magari yetu mengi ni ya mitumba kutoka Japani. Siku gari la umeme litakaposhuka Mombasa, kisanduku chake kikimtafuta bwana wake ng'ambo, nani atakijibu? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu wala si ndugu.