Tusiyanyime Mabweni Maji ya Mlima

Msafiri atokaye Embu kuelekea Meru, akipitia Chuka, Chogoria na Nkubu, hawezi kukosa kuona jinsi wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya walivyojifunza kuyatumikisha maji. Mito inashuka kutoka msituni, mabomba yanayachukua maji hayo hadi mashambani, na huko vinyunyizio vinazunguka mchana kutwa bila pampu wala umeme. Kule Mitunguu, ndizi zinazosifiwa kote nchini zimestawi kwa maji yanayoteremka kwa uzito wake yenyewe. Huo ni ujuzi, tena ujuzi wa kujivunia.

Hata hivyo, kando ya mashamba hayo hayo zimejengwa shule nyingi za bweni. Humo watoto wetu wanalala kwa makumi na kwa mamia, magodoro yamekaribiana, na kinga yao dhidi ya moto ni ndoo chache za mchanga na mtungi mmoja au miwili ya kuzimia moto iliyotundikwa mlangoni. Swali ninaloliuliza leo ni hili: ikiwa tumeweza kuinyunyizia kabichi maji, kwa nini tushindwe kulinyunyizia maji bweni?

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia hatari ya kubuni. Mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Septemba 2017, wasichana 10 walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Na Septemba 2024, katika kaunti jirani ya Nyeri, watoto 21 wa Hillside Endarasha hawakuiona asubuhi. Isitoshe, katika mwaka wa 2016 pekee zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto nchini.

Kila baada ya msiba tumelia, tumezika, tumeunda kamati. Haki itendeke, niseme pia kwamba kazi nzuri imefanyika. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachiwe nafasi na vifaa vya kuzimia moto viwepo. Hayo yote ni ya lazima, wala sina nia ya kuyapuuza. Lakini tazama kasoro iliyomo: mtungi wa kuzimia moto unahitaji mtu aliye macho, aliye mtulivu, anayejua kuutumia. Moto wa bwenini huzuka usiku wa manane, moshi ukatangulia, na mwenye kuamka huamkia gizani. Nalo gari la zimamoto likitoka mjini na kupanda barabara za vijijini, mara nyingi hufika kuzima majivu.

Kinyunyizio cha darini hakisubiri mtu aamke. Wenzetu walikigundua zamani. Mwaka wa 1874, Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alibuni chake ili kukilinda kiwanda chake cha piano. Vinavyotumika leo kwa kawaida vina kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto la hapo darini likifika nyuzi 68 za Selsiasi, kichupa hupasuka na maji humwagika mahali palipo na moto. Wale wanaoogopa kwamba chumba chote kitageuka bwawa wamedanganywa na sinema, kwa maana kila kinyunyizio hufunguka peke yake, na vile visivyofikiwa na joto hubaki vimefungwa.

Sasa nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na ninaogopa jambo moja: kwamba siku tutakapokubali kuviweka vifaa hivi, tutavinunua kama tunavyonunua mapazia. Tutavipachika darini, tutaviunga na tangi la shule, mgeni wa heshima atakata utepe, na usiku wa moto vitadondosha matone. Kinyunyizio bila hesabu ni pambo tu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuchukue kanuni za Ulaya kwa majengo yenye hatari ya kawaida. Zinataka kila mita moja ya mraba ya sakafu ipate lita 5 za maji kwa dakika, katika eneo la mita za mraba 72, kwa muda wa dakika 60. Kinyunyizio kimoja kinaruhusiwa kulinda mita za mraba 12. Kwa hiyo kila kimoja sharti kitoe lita 60 kwa dakika, na vikifunguka sita kwa pamoja tutahitaji lita 360 kila dakika. Kwa saa nzima ni lita 21,600. Kumbuka kwamba hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu kinyunyizio cha mbali ndicho kinachopata maji kwa unyonge zaidi. Kile cha mbali kikitimiziwa haki yake, vilivyo karibu hutoa maji mengi zaidi. Mwenye kupiga hesabu huanzia kwa yule wa mwisho, kama mzazi mwema anayegawa chakula akimfikiria kwanza mtoto aliyekaa mbali na chungu.

Ili kinyunyizio cha kawaida kitoe lita hizo 60, maji yanayokisukuma yanapaswa kuwa yametoka juu yake kwa karibu mita 6, baada ya kuondoa nguvu yote iliyopotea njiani. Hapo ndipo shule zetu nyingi zinapokwama. Tuseme maji ya tangi yako mita 6 juu ya ardhi, na dari ya bweni iko mita 3. Kimo kinachobaki ni mita 3 tu, na hata kama njia haingepoteza chochote, kinyunyizio kingetoa kama lita 43 badala ya 60. Tena nguvu ya maji haina huruma: anayetaka maji maradufu kutoka kinyunyizio kile kile sharti apate kimo mara nne.

Halafu kuna unene wa bomba, ambao wengi hawaufikirii. Maji yanayopita bombani husuguana na kuta zake na kupoteza nguvu. Lita zetu 360 kwa dakika zikipitishwa katika bomba la chuma la milimita 80, yaani kama inchi 3, kwa umbali wa mita 200, zitapoteza nguvu inayolingana na kimo cha mita 5 hivi. Zikipitishwa katika bomba la milimita 50, lile la inchi 2, zitapoteza nguvu inayolingana na mita 50! Bomba limepungua inchi moja tu, hasara imeongezeka mara kumi. Shule iliyookoa fedha kidogo kwa kununua bomba jembamba imeununua msiba kwa bei nafuu. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Na hapa ndipo Meru na Embu zinapokuwa na bahati ambayo wengine hawana. Shule iliyoko mteremkoni, kuanzia Manyatta hadi Imenti, inaweza kulijenga tangi lake juu ya kilima kilicho nyuma yake, badala ya kulipandisha juu ya mnara wa vyuma. Tangi likiwa mita 20 juu ya sakafu ya bweni, tukiondoa mita 3 za dari na mita 5 za msuguano wa bomba la inchi 3, tunabaki na mita 12. Sita ni za kinyunyizio cha mwisho, na sita nyingine zinatosha kugharamia mabomba ya ndani yakipangwa vyema. Hakuna pampu ya kuharibika, hakuna umeme wa kukatika. Mlima wenyewe ndio mashine.

Najua si kila mahali pana mlima. Kule Mbeere na pande za chini za Meru ardhi ni kavu na tambarare, na hata maji ya kunywa ni ya kutafutwa. Huko hesabu itadai pampu, na huenda gharama ikalazimu kuanza na mabweni yenye watoto wengi zaidi. Hata penye maji mengi, ukame hutufikia. Ndiyo maana mdomo wa bomba la jikoni na la kuogea unapaswa kutobolewa juu kwenye tangi, ili maji ya moto yabaki chini hata siku ya uhaba. Tangi tupu halizimi kitu.

Watakuwapo watakaosema kwamba moto wa shule huwashwa na wanafunzi wenyewe, wakati mwingine kwa petroli, na kwamba dawa ni nidhamu. Nidhamu naikubali, wala sisemi kwamba maji yataushinda kila moto uliowashwa kwa petroli. Lakini mtoto aliyelala hana hatia ya mwenzake aliyebeba kiberiti. Dakika chache ambazo maji humpa ndizo zinazomfikisha mlangoni, almradi mlango huo uko wazi. Maji hayachukui nafasi ya mlango, wala mlango hauchukui nafasi ya maji.

Wengine watasema gharama ni kubwa. Nawajibu kwamba wazazi hao hao huchangia basi la shule lililopakwa rangi na kuandikwa kaulimbiu. Kama harambee ya basi inawezekana, harambee ya bomba haiwezi kuwa muujiza.

Nini kifanyike basi? Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Serikali za kaunti za Meru na Embu zisiidhinishe mchoro wowote wa bweni jipya usioambatana na karatasi ya hesabu ya maji, iliyotiwa sahihi na mhandisi, ikionyesha lita, kimo, unene wa bomba na ujazo wa tangi. Kwa mabweni yaliyopo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko papo hapo Nchiru. Wanafunzi wake wa uhandisi wakitumwa mashuleni chini ya walimu wao, watapata mazoezi, nasi tutapata orodha ya hali halisi.

Nazo halmashauri za shule zisingoje waraka. Mwalimu wa fizikia achukue mtungi wa lita 20 na saa, afungue bomba lililo mbali kabisa na tangi. Mtungi ukijaa kwa sekunde 20, hizo ni lita 60 kwa dakika, yaani haki ya kinyunyizio kimoja tu. Shule inahitaji sita kama hizo kwa wakati mmoja. Ukijaa kwa dakika mbili, halmashauri imekwisha kupata jibu lake, na mzazi anayo haki ya kuliuliza jibu hilo katika mkutano ujao.

Ndizi ikikauka, mkulima hupanda nyingine msimu unaofuata. Mtoto hana msimu wa pili. Maji tunayo, mteremko tunao, na walio na elimu ya kuvikokotoa tunaishi nao. Kilichobaki ni kuamua.