UJIRA UFUATE MAHALI JASHO LINAPODONDOKA

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimfikiria mgeni ajaye kwa hiari yake. Hawakumfikiria yule aletwaye na tajiri wake, jembe lake begani, alime shamba la jirani kwa ujira wa kwao. Mgeni wa namna hiyo ndiye mfanyakazi anayetumwa na kampuni yake kwenda nchi ya nje kwa muda, na ndiye tunayemzungumzia leo.

Mwashi aliyeajiriwa katika nchi moja hupelekwa nchi nyingine kujenga shule au daraja, na kazi ikiisha hurejea kwao. Hakuhama, wala hakutafuta kazi mpya. Tajiri wake ni yule yule na mkataba wake ni ule ule. Je, akiwa huko alindwe na sheria ya nchi ipi? Swali hili laonekana kuwa la mawakili, lakini kwa hakika ni swali la chakula cha watoto wa mfanyakazi.

Sheria ya kwao ikimfuata peke yake, kampuni huvuna isipopanda. Hupokea malipo kwa bei ya nchi tajiri, hulipa mishahara kwa kiwango cha nchi maskini, na tofauti huitia mfukoni. Mwenyeji naye hukosa kazi, kwa kuwa hawezi kushindana na mtu anayelipwa nusu ya ujira wake. Hatimaye wanyonge wawili hutazamana kwa chuki, na aliyewagombanisha hukaa pembeni akihesabu faida.

Nchi za Ulaya zimelishughulikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, na yafaa tujifunze kutokana na makosa yao na mafanikio yao. Mwaka 1990 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni ya Kireno, Rush Portuguesa, iliyopeleka wafanyakazi wake Ufaransa katika ujenzi wa reli. Mahakama ilisema kampuni ina haki ya kwenda na watu wake, lakini nchi mwenyeji nayo ina haki ya kumhusisha na sheria zake za kazi kila afanyaye kazi katika ardhi yake. Mwaka 1996 yakatolewa Maagizo yaliyoweka kima cha chini cha ulinzi: saa za kazi na mapumziko, likizo yenye malipo, ujira wa chini, usalama kazini, na hifadhi ya wajawazito na vijana.

Kima cha chini hakikutosha. Mwaka 2004 kampuni ya Latvia iitwayo Laval ilipeleka wajenzi mjini Vaxholm, Sweden, katika ujenzi wa shule. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi kiliitaka itie saini mkataba wa hali bora unaotumika Sweden. Kampuni ilikataa, na chama kikauzuia mradi. Desemba 2007 Mahakama ilitamka kwamba kuilazimisha kampuni kwa njia hiyo itoe zaidi ya kima kilichowekwa kulipingana na uhuru wa kutoa huduma. Wafanyakazi wa Ulaya walijifunza siku ile kwamba sheria inayotaja kima cha chini tu huweza kugeuzwa kuwa dari juu ya vichwa vyao.

Ndipo mwaka 2018 Maagizo yakarekebishwa, na marekebisho hayo yanatumika tangu tarehe 30 Julai 2020. Sasa mfanyakazi aliyetumwa hustahili ujira wote ambao sheria na mikataba ya lazima ya nchi mwenyeji humpa mwenyeji, pamoja na nyongeza na marupurupu yake. Fedha anazorudishiwa kwa nauli, chakula na malazi hazihesabiwi kuwa mshahara. Akikaa zaidi ya miezi 12, au 18 kampuni ikitoa sababu zake, karibu masharti yote ya kazi ya nchi mwenyeji humhusu.

Utekelezaji nao umewekewa taratibu. Kwa Maagizo ya mwaka 2014, nchi mwenyeji yaweza kuitaka kampuni itoe taarifa kabla ya kazi kuanza: ni wafanyakazi wangapi, wapi, na kwa muda gani. Yaweza kuitaka itunze mikataba, hati za mishahara na daftari la saa za kazi, na imteue mtu wa kuwajibu wakaguzi. Katika hifadhi ya jamii, mfanyakazi hubaki katika mfuko wa kwao hadi miezi 24, naye huonyesha cheti kiitwacho A1. Bila karatasi hizo mkaguzi hana pa kuanzia, na haki hubaki kuwa maneno matupu.

Wako waliopinga. Hungary na Poland zilikwenda mahakamani zikitaka marekebisho yale yafutwe, zikashindwa Desemba 2020. Hoja kwamba nchi maskini hutegemea unafuu wa mishahara yake isipuuzwe, nasi wa nchi maskini twaielewa. Lakini tuulize: unafuu huo humnufaisha nani? Ukiwa ni wa mwenye kampuni na si wa mwashi, basi si utajiri wa nchi maskini, bali ni mrija uliopitishwa mpakani.

Jambo hili latuhusu. Tangu Julai 2010 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Soko la Pamoja, na Itifaki yake yakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama katika ujira kwa sababu ya uraia wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mkataba uwe wa maandishi, kazi iwe ndani ya nchi au nje yake. Wala fikra yenyewe si ngeni kwetu. Januari 1964 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akiwa ziarani Afrika, alitangaza kanuni nane za misaada. Ya mwisho ilisema wataalamu wa Kichina waishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi mwenyeji, wasidai upendeleo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilitokana na misaada ya kanuni hizo. Mgeni asiwe juu ya mwenyeji. Nasi twaongeza, wala asiwe chini yake.

Gazeti hili lashauri mambo matatu. Kampuni inayovusha wafanyakazi mpakani itoe taarifa kwa idara za kazi za nchi zote mbili kabla ya safari. Mkataba utaje ujira, makazi, nauli ya kurudi na matibabu, kwa lugha aielewayo mfanyakazi. Na ujira usipungue ule wa mwenyeji afanyaye kazi ile ile.

Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje ajali au mgomo ndipo vishtuke. Tuliosoma chuoni tulifunzwa tangu utotoni kwamba kumchelewesha mtu ujira wake ni dhuluma. Kumpunguzia kwa sababu amevuka mto au mpaka ni dhuluma ile ile, na mpaka hauihalalishi.