Tuzo zifike na Njombe
Serikali ya Tanzania ilipotenga shilingi bilioni moja katika mwaka wa fedha 2022/23 kuwatuza wahadhiri wanaochapisha tafiti kwenye majarida makubwa ya kimataifa, nilifurahi, na furaha hiyo ninayo bado. Ila makala ni rahisi kuhesabu kuliko kazi inayofanyika katika kituo cha Chuo Kikuu Huria mkoani Njombe. Mwalimu wa shule ya msingi Makambako anayesoma hapo anamaliza vipindi, anapanda Kosta, kilomita kama 60, anashuka Njombe baridi ya Julai ikiuma vidole. Ofisini anamkuta mtumishi aliyevaa koti zito, anayemwelekeza kwa utulivu namna ya kujisajili kwa mtihani, kisha anamuuliza kwa nini kazi ya muhula uliopita haikuletwa. Wangapi wangeacha masomo bila swali hilo! Mei Mosi tunawapa wafanyakazi hodari vyeti, na ni vizuri. Vyuo vikuu viweke pia tuzo ya ufundishaji na huduma, wahitimu wenyewe wapendekeze majina, na fedha yake ilingane na ya mtafiti.